Ndege Nilioamia Bagamoyo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Namwomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute umekaa, mguu umeunyoosha mkekani, na si kwenye ngazi ya dungu la shambani. Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia, na pia kuna kitu nataka ukione. Nawe Zuhura mdogo wangu, unayemsomea mama, usiruke mahali pa aibu.

Tangu uliponiambia kwelea wameingia mpungani, Zuhura yuko shuleni, na wewe umeteleza dunguni na sauti imekukauka kwa kuwafukuza, silali vizuri. Uliniomba nirudi nikusaidie hadi mavuno. Nikakuambia usubiri, maana Bwana Shomari, anayewatembeza wageni kupiga picha za ndege huku pwani, alikuwa ananijaribu kazini. Nibebe vifaa, nichemshe chai, ninyamaze. Basi.

Jumapili alfajiri tulimpeleka mzee mmoja kutoka Dar kwenye mashamba ya chumvi. Alilala kifudifudi kwenye tope, kamera mbele, anasubiri vitwitwi, vile vindege vya ufukweni vyenye miguu myembamba. Jua likapanda, shati likamlowa, hakusogea. Mimi nimechuchumaa nyuma yake, nakuwaza wewe. Mara kundi zima likageuka hewani na kuanza kushuka pamoja, vilevile kwelea wanavyoushukia mpunga wetu. Mama, sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimesimama mbele ya kamera ya mzee, mikono juu, napiga kelele, "Haaa! Hooo! Tokeni!" na bonge la tope nimeshalirusha. Hakubaki hata mmoja.

Shomari alishika kichwa. "Dada, una wazimu? Tumekuja kuwaangalia hawa."

"Kwetu tunaamia ndege wasile mpunga," nikamwambia. "Mama yangu yuko shambani peke yake, na mguu unamuuma." Nikaanza kulia mbele yao.

Yule mzee alijifuta tope, akaniuliza habari zako, akanipa pole. Shomari naye akapoa, ila akasema, "Jumamosi kuna wageni wengine. Ukija, uje umetulia. Usipokuja, namchukua mwingine."

Kazi hii nimeipenda, Mama, sitakudanganya. Hata mwenye nyumba wangu hapa Zinga ameshazoea kuniita mwanangu. Nilikuwa nimeanza kukuandikia kwamba uvumilie kidogo. Jana yule mzee akaniletea picha aliyoipiga siku ile, ameshaisafisha. Imo humu kwenye bahasha, itazame. Ndege wametawanyika juu, na chini yao mwanamke amejifunga kanga kiunoni, mdomo wazi, mikono hewani. Nilipoitoa nilidhani ni wewe.

Nisalimie shangazi na wanawe, na mjomba wa dukani umwambie goti lake nalikumbuka kwenye dua.

Ijumaa nakuja. Kazi itakuwa imekwenda, na roho inaniuma. Lakini dungu usilipande tena, Mama. Sauti ninayo.

Mwanao,
Mwajuma