Kipimo cha Mguu wa Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umelala vya kutosha na umekula kitu cha moto. Kile kikohozi kimekuacha? Na mgongo je, bado unalalamika ukikaa sana kwenye mashine? Huku sote wazima. Wifi yako mzima, watoto wazima ila kelele zimezidi, na Mama ndiye mzima kuliko sisi wote. Siku hizi anafagia huku anaimba, mpaka jirani ameuliza kama tumenunua redio mpya.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu ya Mama unaijua, kila ukipiga inawekwa sauti ya juu na kila aliye ndani anachangia. Mimi nina jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitaligeuza utani katikati, kisha tucheke, kisha liishie hapo. Kwa hiyo nimekaa chini na kalamu. Vumilia mwandiko wangu, mkono huu umezoea sindano ya viatu.

Wifi yako ameniambia kwamba mwisho wa mwezi unataka kumwendea msimamizi wako akuondoe kwenye meza ya kukata ngozi pale kiwandani, akurudishe kwenye kufunga maboksi, kwa sababu huviamini tena vipimo vyako. Nakuomba kitu kimoja tu. Usiende kwa msimamizi mpaka umalize kusoma hapa.

Kwanza nikupe habari za harusi ya Mama. Najua uliiona, lakini simu huona kilicho mbele yake tu, na mambo mengi yalikuwa nyuma yake.

Mzee Sekunde umeshamwona usoni. Ukimwona pale kibarazani ndipo utamjua. Meza yake ya kutengeneza saa na meza yangu ya viatu zimekaa ubavu kwa ubavu miaka mingi, na kazi yetu kubwa ni kuchokozana. Yeye husema nyundo yangu inarusha vispringi vyake mpaka barabarani. Mimi humwambia wateja wake wote huja wamechelewa, kwa hiyo sijui anatengeneza nini. Basi mtu huyo alipoanza kuja nyumbani kwa Mama, kitu cha kwanza alicholeta hakikuwa kanga wala sukari. Alileta saa ya ukutani. Akaitundika pembeni ya ile ya zamani, akaiweka kwenye majira ya huko kwako, akamwambia Mama kwamba sasa hatahitaji kuhesabu kwa vidole kujua kama mwanawe amelala au ameamka. Mama alifurahi kama mtoto. Kila mgeni akiingia anaonyeshwa: hii yetu, ile ya binti yangu. Mchana kweupe sisi tunakula, Mama anatazama ukutani na kutuambia tupunguze sauti, eti umelala.

Ikafika ile wiki ambayo Mama alikuwa anakupigia asubuhi yako kama kawaida na simu haipokelewi. Saa ya ukutani inasema ni saa mbili kule, hujaingia kazini, lakini wapi. Siku ya tatu Mama akaituhumu saa. Akasema imeanza kudanganya. Ungemwona Mzee Sekunde! Aliinuka kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Akaishusha, akaiweka mezani, akavaa ile lenzi yake ya jicho, akaifungua saa mpaka matumbo yakawa nje, akakagua jino kwa jino. Hakuna kitu. Akaifunga. Akaifungua tena. Mimi nilikuwa namwuliza kwa upole kama mgonjwa atapona.

Uliposema Jumapili kwamba nchi ya huko husogeza saa mbele kwa saa nzima majira yakibadilika, Mzee alisimama katikati ya sebule akauliza kwa uchungu kabisa, nchi nzima? Ukasema ndiyo, nchi nzima, usiku mmoja. Akasema maisha yake yote amekuwa akiwarudishia watu dakika moja moja, kumbe kuna serikali inachukua saa nzima na hakuna anayeshtakiwa. Tulicheka mpaka Mama akashika ubavu.

Kicheko kikakatika ulipotukumbusha harusi. Tuliipanga saa kumi jioni ya huku ili kwako iwe saa mbili asubuhi, uone ndoa ndipo uingie kazini. Sasa saa kumi yetu imekuwa saa tatu yako, na saa tatu wewe uko kwenye mashine, simu imefungiwa kabatini. Ukasema si neno, turekodi, utatazama baadaye. Ulijitahidi sauti isitetemeke lakini tulisikia. Mzee Sekunde alivaa viatu. Alikwenda kwa msajili wa ndoa, akaenda kwa wapishi, akaenda kwa wenye viti, kisha akapita nyumba hadi nyumba kuwaambia waalikwa kwamba harusi imerudi nyuma kwa saa moja, mpaka saa tisa. Waliomuuliza sababu aliwajibu hivi: "Binti yangu anaingia kazini saa tatu."

Binti yangu. Nilikuwa nimesimama karibu naye nikisikia. Lile neno lilinichoma, nitakueleza kwa nini.

Si wote waliopata habari. Ndiyo maana uliona ukumbi umejaa nusu. Ulipokata simu kwenda kazini, waliosikia habari ya zamani wakaanza kumiminika, wamependeza, wanauliza bibi harusi atatoka saa ngapi. Tuliona aibu kuwaambia yameisha. Mzee akasema basi tuanze tena. Mama akaingia upya mlangoni, vigelegele upya, msajili aliyekuwa ameshashika mkoba wake akaketishwa na kupewa sahani ya pili. Mama yetu ameolewa mara mbili kwa siku moja na bwana yule yule, na mara ya pili alitembea kwa madaha zaidi kwa sababu alikuwa ameshazoea.

Sasa viatu.

Vile ulivyomshonea Mama vilifika siku chache kabla ya harusi. Kifurushi kilifunguliwa sebuleni mbele ya watu wote. Ngozi ya rangi ya mchanga, laini, na ule mshono wako uliokwenda sawasawa kama umepigwa mstari. Nakuambia kama fundi, sijawahi kushika kazi safi kama ile. Mama akavinusa kwanza, kisha akaingiza mguu, na kisigino kikabaki nje. Akajaribu wa pili, hivyo hivyo. Kisha kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja akasema huko kwenu namba sita ndiyo thelathini na tisa yetu, mwingine akasema hapana, hiyo ni nchi ya jirani yenu, yenu ni nane. Shangazi akasema kosa ni la inchi, sentimita zikiingia kwenye inchi hupungua kama nguo kwenye maji ya moto. Nami, fundi wa viatu, niliyepaswa kuwaambia kwamba wanasema upuuzi, nilitikisa kichwa nikasema, ndiyo, kila nchi na inchi zake.

Mama aliviweka mapajani, akavifuta vumbi ambalo halikuwepo. Akasema haolewi bila viatu vya mwanawe, tuahirishe mpaka vije vingine. Mzee Sekunde akasema sawa. Hakununa. Lakini kesho yake alikuja mezani kwangu navyo, vimefungwa kwenye kitambaa chake cha kufutia saa, akavitua mbele yangu, akaniambia: "Fundi, mimi najua vyuma. Ngozi ni yako. Havina tiba hivi?"

Vilikuwa na tiba. Niling'oa soli nikakata nyingine ndefu, nikafungua nyuma nikaunga kipande cha ngozi, nikafungua na mbele vidole vipumue. Siku nzima sikupokea kazi nyingine. Nilipofumua mshono wako nilikuwa natoa uzi mmoja mmoja. Mama akavivaa, vikamkaa, akazunguka sebule nzima. Nilishangiliwa. Mzee Sekunde alininyanyua mkono juu kama bondia. Nawe ukapiga simu unalia, ukaniomba radhi kwa kosa lako, ukanishukuru kwa kuokoa harusi.

Mdogo wangu, hukukosea. Ulikata sawasawa na kipimo nilichokupa. Kipimo ndicho kilichokuwa cha uongo, na nilikipotosha mimi kwa makusudi.

Uliniambia nimpime Mama mguu kwa sentimita, wewe mwenyewe utapeleka kwenye inchi za kiwandani, kwa sababu namba za nchi haziaminiki. Nilimsimamisha Mama juu ya boksi, nikazungusha penseli, nikapima. Sentimita ishirini na nne na nusu. Ulipopiga simu nikakutajia ishirini na tatu. Nilijua Mama hataolewa bila viatu vyako, na nilijua vikiwa vifupi lawama itakwenda kwa inchi, na inchi haina mdomo wa kujitetea.

Utauliza kwa nini. Ningekuwa na sababu ya maana ningeitaja, lakini ni chai. Tangu Baba afariki, Mama amekuwa akiniletea chupa ya chai kibarazani kila siku saa nne. Mimi na umri huu, nina mvi, nina watoto, lakini saa nne ikifika nasikiliza hatua za Mama. Halafu vikombe vikawa viwili. Halafu chupa ikawa inaanzia meza ya jirani, kwangu inafika imepoa. Sikuweza kumwambia mtu mzima kwamba namwonea wivu wa chai. Nikajidanganya kwamba namlinda Mama na utapeli, wakati tapeli alikuwa mimi. Nilitaka tu iahirishwe, kisha iahirishwe tena, mpaka wachoke.

Huo uongo wa kwanza ulikuwa juu ya kiatu. Wa pili ndio unaoninyima usingizi. Uliponiuliza baada ya harusi nilikutajia kipimo gani, nilikujibu ishirini na nne na nusu bila kupepesa macho. Ukasema basi utakuwa umekosea ulipopeleka kwenye inchi. Nilikuacha uamini hivyo. Nilikuona unaitilia shaka mikono yako mwenyewe na nikakuacha. Wakati huo huo mtu ambaye hajawahi kukushika mkono alikuwa amezunguka mtaa mzima kwa miguu akihamisha harusi yake kwa ajili yako, akikuita binti yangu. Nami niliyekubeba mgongoni ulipokuwa hujui kutembea, nilikukata sentimita moja na nusu.

Leo mchana nimekwenda kwa Mama na kumweleza yote, Mzee Sekunde akiwepo. Mzee alitazama sakafu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, anasema angejua angeleta chai yake kutoka nyumbani. Mama hakucheka. Alikuwa ameshanipakulia chakula. Aliniuliza jambo moja:

"Mdogo wako anajua?"

Nikasema bado. Akaifunika sahani na kuirudisha jikoni. Akasema kwake yeye nisiombe msamaha kwanza, niende nikaandike, nikimaliza nirudi nile. Kwa hiyo nakuandikia na njaa, kwenye meza yake, na harufu inatoka jikoni. Anapita nyuma yangu kila mara kuangalia nimefika wapi.

Nisamehe, mdogo wangu. Kama huwezi leo, nitangoja. Nitukane kwa simu, hata ikiwa kwenye sauti ya juu, watu wote wasikie, nimestahili. Ila usirudi kwenye maboksi. Mikono yako haina kosa lolote. Barua hii nitailipia ya haraka ikuwahi kabla ya mwisho wa mwezi. Ukiipokea nenda kasimame kwenye meza yako ya kukata, ushike mkasi.

Wifi yako anakusalimu, ameshasikia yote na ameniambia tutazungumza mimi na yeye nyumbani, kwa hiyo niombee. Watoto wanakusalimu, wanaulizia picha za theluji. Shangazi bado anawaeleza watu habari za inchi, nitamrekebisha taratibu. Mzee Sekunde anakusalimu sana na anasema umwite utakavyo, atageuka.

Mama sasa hivi amesoma mpaka hapa juu ya bega langu. Amenituma niongeze jambo moja: anataka jozi ya pili kutoka kwako, ya kuvaa kila siku, rangi uchague wewe. Vipimo atachukua Mzee Sekunde, kwa sentimita na kwa inchi, atakusomea Mama mwenyewe. Mimi nimekatazwa kugusa hata rula.

Ameleta sahani.

Ni mimi kaka yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Fundi Viatu