Jiko Bila Msimamizi

Jumatatu, 4 Machi
Kufagia, kuwasha moto, kuchekecha udongo. Kisha Bwana Kato, mwenye karakana, akamwondoa msimamizi. Jiko jipya la makaa tutalibuni sisi watatu: mimi, Okello mchomeleaji, na Ssali wa udongo. "Nyinyi wenyewe mutaamua," akasema, akaenda zake. Nimefurahi. Kwetu Kenya sikuwahi kuulizwa maoni kazini.

Jumatano, 6 Machi
Hakuna amani. Okello anataka bati nene. Amekulia kambi ya jeshi ya Mbuya, baba yake askari. Kwake kila kitu lazima kistahimili mateke. Ssali anataka bati jembamba, udongo mzito, joto lisipotee. Walishikana mashati. Kura yangu ikabaki. Nikampa Ssali. Okello akatema mate karibu na miguu yangu. Namchukia.

Ijumaa, 8 Machi
Tumewasha jiko la kwanza. Udongo ukapasuka, kipande kikamchoma Okello shingoni. Akalibamiza jiko ukutani. Akachukua nyundo, akavunja vikombe vyote vya udongo, vile vya ndani ya jiko, vilivyokuwa vinakauka. Ssali akatazama tu mpaka cha mwisho. Kisha akashika nondo. Nilisikia mkono wa Okello ukivunjika. Ssali hakuacha. Kichwani, mbavuni.

Nikampiga Ssali mgongoni kwa koleo. Akaanguka.

Nikampiga tena. Hapakuwa na haja.

Jumamosi, 9 Machi
Bwana Kato: "Nani mkubwa hapa?" Niko peke yangu, wenzangu wameumia.
"Basi amueni nani anaondoka."
Hata hili ametuachia. Nimeosha damu sakafuni.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada nilienda kumwona Okello. Mkono una plasta, kichwa kimeshonwa. Hakunitazama.
"Dada, udongo mimi siwezi. Mulete yule."
"Utamwomba msamaha?"
"Hapana. Na yeye asiniombe."
Nikapanda kilima cha Makindye. Ssali alifungua mlango, akaniona, akarudi nyuma. Ananiogopa. Mimi! Nikakaa chini pale pale kizingitini, nikamwomba radhi. Nikamwambia Okello anamtaka kazini.

Jumanne, 12 Machi
Mvua hapa karakanani Kisugu tangu alfajiri. Ssali amekuja. Anainama kwa shida. Bati limekuwa nene, la Okello. Udongo wa Ssali, ila safari hii anauacha ukauke polepole. Okello alishikilia bati kwa mkono mmoja, mimi nikalikunja. Mchana nilipika chai. Okello akamimina, akampa Ssali kwanza.