Zamu ya Nyangate

Magwagwa, 13 Mei 1948

Kaka Onchiri,

Pokea salamu huko Kericho. Mvua ni nzuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Unajua nilivyojivunia kupalilia wimbi peke yangu, nikiwakataa wanawake wa risaga wanaosaidiana kwa zamu. Mwezi uliopita malaria ilinilaza. Jirani yetu Nyangate akawaleta wote shambani kwangu. Nikamwambia kwa aibu, "Mimi sijang'oa hata gugu moja kwako."

Akacheka. "Zamu yangu ikifika, utakuja."

Ilifika jana, na Jumapili tulikuwa tumemzika. Nilikwenda, Kaka. Nilipalilia polepole, sambamba na wenzangu. Uji wa wapaliliaji niliupika mimi, maana mwenye shamba hayupo.

Mimi dada yako niliyechelewa,
Bitutu