Kikohozi cha Shabani

Jumamosi, Mesquite, Texas

Wala sijatulia. Nimerudi kutoka harusini Grand Prairie, hata viatu sijavua, naandika.

Wiki nzima nimemkasirikia yule kijana wa Houston aliyeitoa upya albamu yetu ya rege mtandaoni. Alinipigia simu kwa furaha: "Mzee, wimbo wa tatu nimeusafisha. Kile kikohozi nimekitoa. Hakuna atakayegundua."

Kikohozi! Ni cha Shabani, mpiga dramu wetu. Siku ile Dar tulirekodi wote chumba kimoja, magodoro ukutani, na kanda iliyobaki ilitosha kurekodi mara moja tu. Shabani alikuwa anaumwa, akakohoa pale vyombo vyote vinaponyamaza. Tukakiacha hivyo hivyo. Mwaka haukuisha, tukamzika. Tangu hapo, popote wimbo unapopigwa, watu wakifika pale hukohoa naye.

Nilimwambia kijana, basi futa na besi niliyopiga mimi. Akacheka. Nikaogopa, kusema kweli. Labda tumebaki wachache tunaokumbuka...

Leo dijei kapiga wimbo huo huo uliosafishwa. Vyombo vikanyamaza. Kimya. Nikainamia sahani yangu.

Mama mmoja meza ya nyuma akakohoa. Kisha meza yake yote. Kisha ukumbi mzima, hata bibi harusi aliyezaliwa hapa hapa Texas.

Haya, kijana. Njoo ufute na hicho.