Mikono ya Mama, Masaji ya Hoteli

Jumatatu, 8 Septemba

Taulo kumi na nne kabla ya saa tatu. Nimezifua, nimezianika, nimepanga chupa za mafuta, nimefagia majani mlangoni. Ndipo akaja Madam Neema kunifundisha namna ya kumshika mtu. Mimi, niliyewakanda wazazi waliojifungua nusu ya kijiji chetu, Kiegeani.

Wiki ya pili hii. Inaitwa masaji ya Kiswidi. Hoteli inataka chumba kiwe tayari kabla wageni wanaokuja baharini kuwaona papa potwe hawajaanza kumiminika. Jaribio ni tarehe 27. Nikifaulu, chumba changu, ajira yangu. Nikishindwa, wanaleta msichana wa Dar aliyekwisha kufundishwa, nami narudi kwenye mwani, maji kiunoni na mgongo unaungua.

Madam amelala mwenyewe kitandani nimfanyie mazoezi. Nikaanza begani, nikashuka mkono mzima mpaka vidoleni, nikavivuta kimoja kimoja. "Dada Tatu, unashusha tena," akasema, uso wake umo kwenye kile kitundu cha kitanda. "Pandisha. Kuelekea moyoni." Mara ya sita leo. Nilihesabu.

Daftari hili ni la hoteli, la kuandikia masomo. Mbele naandika ya Madam. Huku nyuma naandika yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeudhika. Naandika kwa hasira, mwandiko mbaya.

Mama kanifundisha kwamba maumivu yana mlango wa kutokea. Unayakusanya mgongoni, unayateremsha, unayatolea kwenye vidole vya mikono na miguu, kisha unakung'utia mikono yako nje ya nyumba, si ndani. Madam anasema damu inayorudi moyoni ndiyo inayohitaji msaada. Kwa hiyo mkono wenye nguvu hupanda, na mkono wa kurudi huteleza tu bila uzito. Nimemwelewa. Kichwa kimeelewa. Mikono haina habari.

Tena nakandamiza mno. Kwetu mtu asipoguna hujamkanda. Hapa mgeni akikunja vidole vya miguu tu, umekosea. Tena nisiseme. Saa nzima, kimya, kama niko msikitini. Mimi nimezoea kumkanda mtu huku namuuliza mumewe yuko wapi na mtoto kalalaje. Leo nilitoka pale taya zinaniuma kwa kufumba mdomo.

Madam ana miaka thelathini, mtu wa Moshi, mpole. Angekuwa mkali ningejua pa kuelekeza hasira.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilimwomba Mama alale nimfanyie mazoezi. Hata sikumaliza sentensi.

"Unipapase kama paka? Nenda kapapase hao wanaolipia kupapaswa."

Wenzake wawili walikuwepo barazani, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Na mimi nikacheka, nifanyeje. Ndani nilikuwa nachemka.

Mama ndiye mkandaji wa huku kwetu. Mwanamke akijifungua, nyumba inamwita Mama, na arubaini nzima mzazi yuko mikononi mwake, asubuhi na jioni, maji moto na mafuta ya nazi. Lakini viungo vya vidole vyake vimevimba. Tangu mwaka jana naingia mimi, yeye anakaa kwenye mkeka ananiangalia. Nyumba hizo zitakuwa zangu, kasema hivyo mbele ya watu. Kila nyumba aliyonipa, kanipa na jina lake.

Nataka vyote viwili. Chumba cha hoteli na nyumba za wazazi. Sioni dhambi iko wapi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimefanyia mazoezi mto wa kulalia. Nimefanyia mguu wangu mwenyewe, kutoka kwenye kifundo kupanda kwenye shavu la mguu, kupanda pajani. Pandisha, teleza. Pandisha, teleza. Mara tano sawa, ya sita mkono unashuka wenyewe.

Saumu, binti wa Bi Kidawa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kajifungua alfajiri. Mtoto wa kwanza, wa kiume. Leo na kesho Mama atamkanda mwenyewe, kisha nitachukua mimi.

Jambo moja niandike ingawa linanikera. Jana Madam alinilaza mimi, ili nijue mgeni anasikiaje. Akaanza na viganja virefu, mafuta ya vuguvugu, mgongo mzima. Akafinya mabega kama anakanda unga wa chapati. Vidole gumba vikazunguka pembeni mwa uti wa mgongo, kidogo kidogo, pale penye fundo langu la miaka ya mwani. Mwisho akanigonga kwa ubavu wa mikono, kwa wepesi, mpaka ngozi ikachangamka. Sikuguna hata mara moja. Nikalala usingizi. Nimeamka shingo inageuka kushoto na kulia, jambo ambalo nilishalisahau, na usiku sikukesha nikihesabu boriti za paa.

Kwa hiyo inafanya kazi. Basi. Nimeandika.

Jumanne, 16 Septemba

Mikono imekubali!

Sijui ilitokea vipi. Nilikuwa namfanyia Madam mguu wa kushoto, nafikiria nyama ya jioni, na mikono ikapanda yenyewe, ikateleza kurudi, ikapanda. Dakika ishirini bila kosa. Madam akainua uso, alama ya kitundu imemzunguka kama sahani, akanipigia makofi.

Nimerudi kwa bodaboda naimba.

Alhamisi, 18 Septemba

Sijawahi kufedheheka hivi.

Nilitoka hotelini saa kumi, nikaenda moja kwa moja kwa Saumu. Chumbani walikuwemo Bi Kidawa, dada zake wawili, na Mama kwenye mkeka. Maji yalikuwa tayari. Nikaanza miguuni. Nilikuwa nimechoka, nasikiliza dada zake wakisimulia harusi ya Kirongwe. Mikono ikafanya kazi yake. Kwenye kifundo, kwenye shavu, kwenye paja, kuelekea tumboni. Ikapanda. Ikapanda tena.

Harusi ikakatika. Nikainua kichwa, wote wananitazama mikono.

"Mbona unampandishia?" Bi Kidawa akauliza. Polepole, kama mtu anayemwona nyoka.

Nikasema ni masomo mapya, damu inasaidiwa irudi moyoni. Upumbavu gani ulinituma kusema hivyo? Kwao yale ni maumivu ya uzazi, uchafu wote wa uzazi, na mimi nauelekeza kwenye moyo wa binti yao. Mama akanyanyuka kwenye mkeka. Inamchukua muda kunyanyuka siku hizi. Akanishika kifundo cha mkono, akaniondolea taulo.

"Toka, Tatu."

Mbele za watu. Nina miaka thelathini na sita.

Nikatoka. Nyuma yangu nilisikia Mama anamkanda kuanzia mwanzo, kutoka nyonga kwenda miguuni, anayarudisha yale niliyoyapandisha. Nilisikia pia anavyovuta pumzi kila anapobana vidole.

Ijumaa, 19 Septemba

Saumu ana homa. Anatetemeka. Wamempeleka hospitali Kilindoni asubuhi.

Niliposikia, nilikwenda mpaka barabarani, gari limeshaondoka.

Hotelini sikwenda. Nimemwambia Madam kwa simu naumwa.

Jumamosi, 20 Septemba

Saumu karudi. Ni titi. La kushoto, maziwa yalikwama yakafanya uvimbe, ndiyo homa. Muuguzi kampa dawa, kamwambia aendelee kumnyonyesha mtoto. Atapona. Alhamdulillahi, nimesema mara nyingi mpaka midomo imekauka.

Nikadhani yameisha. Thubutu. Bi Kidawa kasema wazi kwamba titi liko karibu na moyo, na nani aliyeupeleka uchafu huko? Kasema nisikanyage kwake. Kufika magharibi kijiji kizima kina habari. Nyumba mbili zenye wajawazito zimeshamwambia Mama: uje wewe, Bi Pili, si Tatu.

Nataka kupiga kelele. Mkono haupeleki maziwa kwenye titi! Miguu imeingiaje hapo? Nilitaka niende nikabishane, nikachukua hata khanga, kisha nikarudi ndani.

Maana kuna jambo silisemi kwa mtu. Alhamisi, kabla sijaanza, Saumu alipogeuka alijikunja kidogo, akaweka mkono kifuani. Nikaona. Nikapita. Madam asingemgusa mtu kabla ya kumuuliza: una homa, kuna uvimbe, kuna panapouma. Hotelini kuna karatasi nzima ya maswali hayo, nimeikariri. Mama haulizi. Yeye hutanguliza nyuma ya kiganja shingoni mwa mzazi, kisha kifuani, na anajua. Madam angeuliza. Mama angegusa. Mimi sikufanya hili wala lile, niliingia moja kwa moja na mafuta, fundi mkubwa.

Nimejikasirikia kuliko nilivyomkasirikia Bi Kidawa. Zaidi kidogo tu.

Jumanne, 23 Septemba

Asubuhi nasema shikamoo Mama. Ananijibu marahaba. Mpaka kesho yake hakuna kingine.

Anakwenda kwa Saumu mara mbili kwa siku, mwenyewe. Akirudi hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Nikinyoosha mkono kumsaidia anaisogeza chupa, anaifungua kwa meno.

Hotelini mikono yangu sasa ni hodari. Haikosei hata mara moja. Madam anafurahi, ananiambia nimeiva. Nami kila ninapopandisha nasikia kuudhika kifuani. Wiki mbili nilikuwa naomba mikono ijifunze. Imejifunza siku isiyofaa, chumba kisichofaa.

Nimemuuliza Madam kama kupandisha kunaweza kumdhuru mzazi wa siku nne. Akafikiri. Akasema mzazi wa siku nne angemgusa polepole sana, miguu hasa, kwa sababu damu yake huganda upesi, na angetaka kwanza ruhusa ya daktari. Kwa hiyo nilikosea hata kwa sheria za hotelini. Sikumwambia kwa nini nimeuliza.

Jumamosi, 27 Septemba

Jaribio. Mwanamke mmoja wa makamo kaletwa na hoteli kunipima, mtaalamu, uso mkavu.

Nilimuuliza maswali yote. Homa, presha, dawa, uvimbe, operesheni. Nikamuuliza tena kama kuna panapouma. Akasema umeshauliza. Nikasema najua.

Kwenye mguu wake wa kulia kulikuwa na mshipa uliovimba nyuma ya goti, hakuutaja. Niliukuta kwa nyuma ya kiganja kabla ya mafuta. Nikauruka, sikuugusa. Mengine nilifanya yote kwa utaratibu wa Madam, viganja virefu, kufinya, kuzungusha, kugonga, nikamfunika taulo vizuri, nikanyamaza.

Nimefaulu. Kasema mikono yangu ina utulivu. Madam alinikumbatia akalia kidogo. Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia kama kuna mtu wa Kiegeani wa kumpa habari, nikakumbuka hayupo anayezitaka.

Jumapili, 28 Septemba

Nimemwambia Mama. Kasema alhamdulillahi. Kaendelea kupepeta mchele.

Nimekaa pale muda mrefu kama mgeni.

Jumatano, 1 Oktoba

Wageni wawili leo. Wa kwanza mwanamke, mgongo umekakamaa kwa safari. Alilala kabla sijafika kiunoni. Wa pili pia. Sikujua wametoka wapi wala wana watoto wangapi. Waliamka, wakatabasamu, wakaenda zao. Chumba kilinukia mafuta na hakukuwa na habari ya mtu yeyote ndani yake.

Nimerudi nikamkuta Mama jikoni, mikono yote miwili kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Hakunisikia. Vidole vimevimba mpaka pete haizunguki. Nikakaa chini karibu yake, nikasema shikamoo, akajibu. Nikamuuliza panauma wapi. Hakuondoka.

Nikautoa mkono wake wa kulia majini, nikaufuta, nikaulaza pajani pangu. Kisha nikakwama. Sikujua niusukume upande gani. Nikishusha, ni uongo. Nikipandisha, ni tusi. Basi nikaushika tu. Joto lake likaingia kwangu na langu kwake, muda, mpaka mkaa ukaanza kuwa majivu.

"Mtoto wa Saumu kaanza kunona," Mama akasema.

Nikasema mashallah.

"Maji ya pale kwa Saumu mazito kubeba. Sufuria kubwa, mimi siiwezi tena." Akavuta mkono wake, akautia majini, akanipa wa kushoto. "Kesho jioni uje unibebee. Ubebe tu."

Kubeba maji ndiyo kazi niliyoanza nayo nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilibeba miaka minne kabla hajaniruhusu nimguse mtu.

Nimempigia meneja wa hoteli, kakubali kesho nitoke saa tisa na nusu. Bi Kidawa sijui atanifungulia mlango kwa uso gani. Nitavaa khanga ya zamani, maji yakimwagika yasiharibu kitu.