Niliandika majina ya wasiokuwepo, sasa yanaitwa ridhaa

Mama Mshauri, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sikudhani nitawahi kujikuta upande huu wa ukurasa, maana kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kusahihisha makosa ya wengine katika kiwanda cha uchapaji, na leo nina kosa langu mwenyewe ambalo sijui nalisahihisha vipi, kwa hiyo nakusihi unisikilize mpaka mwisho ndipo unikaripie.

Sisi ni watu tuliohamishwa. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa malori yalipotutoa kwenye msitu wa mlimani, nyumba sitini na moja, tukaambiwa tunaharibu vyanzo vya maji, na tangu hapo tumetawanyika mjini, mimi nikiishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, dirisha langu likitazamana na ukuta. Tuliunda chama, nikachaguliwa katibu, na tukajiwekea desturi ambayo wageni huicheka: kila kikao huanza kwa kusoma majina ya nyumba zote, aliyepo anajibu, na asiyekuwepo au aliyekufa anajibiwa na aliyekuwa jirani yake, "Wapo," nami naweka alama, kwa sababu tuliogopa kwamba tukiacha kuitaja nyumba hata mara moja itakuwa kama haikuwahi kujengwa.

Miezi minne iliyopita akaja bwana mmoja wa mradi wa kuhifadhi misitu, kijana mwenye viatu safi kuliko ukumbi wetu, na kabla hajamaliza hotuba watu wetu walikwisha kumpachika jina la Bwana Hewa. Alisema mataifa yamekubaliana kupunguza moshi unaoipasha dunia joto, na kwamba makampuni ya mbali yanayoshindwa kupunguza moshi wao haraka yanaweza kuwalipa wanaotunza misitu kwingine, na kwa hiyo mlima wetu ukiachwa bila kuguswa kwa miaka arobaini sisi tutapata shule na zahanati. Mimi nasoma magazeti, mama, habari za mikataba hiyo nimezifuatilia tangu zilipokuwa aya mbili katika ukurasa wa ndani, na joto silikani, mvua za siku hizi kila mtu anaziona. Kilichonitia shaka ni kwamba tulipofukuzwa tuliitwa waharibifu wa msitu, sasa tunaitwa walinzi wake, na hapo katikati hakuna aliyetuomba radhi. Nikauliza kama tutaruhusiwa kurudi. Bwana Hewa akasema, "Mzee, hilo ni swali zuri sana." Katika maisha yangu sijaona swali lililosifiwa likajibiwa.

Ikaja karatasi ya mahudhurio. Aliyeileta ni binti wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea tangu ana miaka tisa, ambaye ndiye mratibu wa jamii wa mradi huo na ndiyo ajira yake ya kwanza ya maana. Akaniambia, "Baba mkubwa, niandikie wewe, mwandiko wako unasomeka." Ukumbini tulikuwa watu kumi na tisa. Nikachukua kalamu, mkono ukaenda wenyewe kama ulivyozoea, nikaandika wenye nyumba wote sitini na mmoja, walio hai na waliokufa, na mbele ya kila jina nikaweka alama yangu ile ile.

Juma lililopita binti akaniletea ripoti ya mradi nimpitishie macho kwenye lugha. Ukurasa wa themanini na nane nikaukuta mwandiko wangu, umepigwa picha, na juu yake kichwa cha habari kimechapwa: Kaya Zilizoridhia. Ukurasa uliotangulia unaeleza kwamba kaya hizo zimekubali pasiwe na makazi wala kilimo mlimani kwa miaka arobaini, na kwamba hazina dai jingine lolote. Kumi na wanne kati ya hao walioridhia wako makaburini. Mmoja wao ni mdogo wangu, baba yake huyo binti.

Sasa sijui kama hakuliona jina la baba yake au aliliona akanyamaza, na hilo linaniuma kuliko msitu wenyewe. Baada ya wiki mbili anakuja mkaguzi kutoka nje, akiridhika mkataba unafungwa. Nikisema, nitaitwa mghushi na binti atafukuzwa kazi. Nikinyamaza, nitakuwa nimewafukuza watu wangu mara ya pili kwa mkono wangu. Unajua nilifanya nini? Nilisahihisha mikato yote ya ripoti ile, nikamrudishia, nikamwambia nimekuta makosa madogo madogo tu.

Nishauri.

Katibu wa Waliohamishwa

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Uliniomba nisikukaripie kabla ya mwisho. Mwisho nimeufikia.

Umevishuku viatu vya mgeni, umeishuku hotuba yake, na sasa unamshuku mtoto uliyemlea kwa mikono yako. Mtu pekee ambaye hukumkagua siku ile ni wewe mwenyewe. Katika daftari la chama chenu, kuandika jina la marehemu ni kumkumbuka. Kwenye karatasi ya watu usiowajua, ni kumtolea ushahidi. Najua hukughushi kwa nia, lakini mkaguzi hakujui, na huo mwandiko wako mzuri unamwambia kwamba kila kitu kilikwenda sawa.

Hata hivyo sitakubali ubebe mzigo wa wenzako. Mahudhurio si ridhaa. Kuja kumsikiliza mtu si kumkubalia, na aliyechapa kile kichwa cha habari juu ya orodha yako alijua anachofanya. Umesoma habari za mikataba ya mataifa, kwa hiyo unajua kwamba inazungumzia kuheshimu haki za jamii zinazoguswa. Ila waliotia saini hawatakuja kuchungulia ukumbi wenu. Maneno yale yanapata nguvu pale tu mtu wa chini anaposimama na kusema hatukuulizwa. Ridhaa huombwa mapema, watu wakaelezwa watakachopata na watakachopoteza, wakapewa muda, na wakawa na uwezo wa kukataa bila kuogopa. Kwenu hata kura haikupigwa.

Anza na binti, kabla ya barua na kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwite mchana, kaeni wawili, fungua ukurasa wa themanini na nane, weka kidole kwenye jina la baba yake, umuulize kama aliliona. Kisha nyamaza, mzee. Usimhutubie. Kama hakuliona, ametumiwa kama ulivyotumiwa wewe, na anastahili kujua mapema ili aripoti yeye mwenyewe. Kama aliliona, basi aliogopa, na wewe uliyeona yote ukarekebisha mikato huna jiwe la kumrushia. Mwambie pia ukweli huu: kazi iliyosimama juu ya karatasi ile itaanguka siku moja, na siku hiyo litakalotajwa ni jina la mratibu, wala si la Bwana Hewa.

Baada ya hapo, wiki hii hii, andika barua. Ukurasa mmoja, nakuomba, maana kalamu yako naiona haichoki. Sema wewe ndiye uliyeyaandika majina, waliokuwepo ni kumi na tisa, kumi na wanne ni marehemu, na hakuna aliyeulizwa kama anakubali. Weka saini yako. Nakala moja ipeleke mradini, ukadai igongwe muhuri wa kupokelewa, moja ibaki chamani, na moja mpe mkaguzi mkononi. Hiyo ya mkaguzi usiipitishe ofisini kwao hata wakikukaribisha chai. Na lile neno la kutokuwa na dai jingine, mwonyeshe wakili wa msaada wa kisheria kabla mtu yeyote hajagusa kalamu tena.

Kisha uitishe kikao. Ueleze mradi kwa haki, faida zake na hasara zake, siyo kwa shaka zako peke yake. Safari hii asiwepo wa kumjibia marehemu, warithi wake wajisemee. Na jiandae, kwa sababu wapo waliozaliwa mjini ambao mlima kwao ni hadithi za wazazi, na huenda wakataka zahanati. Wakisema hivyo, utaandika hivyo hivyo walivyosema.

La mwisho. Umenitajia malori, viatu, na hata namba ya ukurasa, lakini barua nzima hujasema kama wewe unataka kurudi. Umeandika kwa niaba ya nyumba sitini na moja kwa muda mrefu mpaka ya kwako umeiruka. Jina lako likisomwa kikaoni, weka kalamu chini, usimame uwaambie unataka nini. Hao wengine hawatafungua mdomo mpaka katibu wao amesema.