Picha Uliyoitoa Nje ya Ukumbi

Somo yangu Zuhura,

Namba yako haipatikani, na huko ulikohamia hakuna aliyeweza kunielekeza. Basi nakuandikia hapa mtandaoni, hadharani, kwa kuwa hadharani ndiko ulikoiweka ile picha. Nimengoja miezi saba nikidhani utarudi uniambie hata neno moja. Sasa nasema mie.

Wanaosoma wajue tulikuwa nani. Tulipanga vyumba viwili vinavyotazamana kule Keko, nyuma ya mafundi vitanda. Mama mwenye nyumba akiita "Zuhura!" tunaitika wote wawili, ndipo tukaanza kuitana somo. Mie nilikuwa na kamera ya mtumba, wewe ulikuwa na laptop na mdomo wa kutafuta kazi. Tukasema tutapiga picha za shughuli za wanawake, za kumcheza mwali na kumfunda, zile ambazo mpiga picha wa kiume hapewi mlango. Jioni tulikuwa tunakaa kibarazani tunapangusa vumbi la mbao kwenye kamera kwa brashi yako ya poda.

Unakumbuka shughuli ya Tandika? Ukumbi ulikuwa na taa mbili za buluu na mapazia mazito. Kwa lenzi ile iliyokuja na kamera, kila aliyecheza alitoka kama moshi. Mkono wa mwali ulikuwa na vidole kumi. Tulipowasha flashi nyuso zikawa nyeupe kama zimepakwa unga, na bibi mmoja akajifunika macho kwa kanga.

"Mwanangu, hicho kitu kinanichoma," alisema. "Na kila kikimulika nasahau wimbo."

Mwali alipoziona picha zake aliuliza, "Huyu ndo mie?" Nilitaka ardhi inimeze. Njia nzima ya kurudi ulinishika mkono. "Somo, mkono wako hauna kosa," uliniambia. "Jicho la kamera ndo dogo."

Tulikwenda Kariakoo mara tatu kutafuta lenzi. Wewe ulitaka ile ndefu ya kuvuta, ukasema watu wakiona lenzi kubwa wanakupa heshima. Muuzaji, baba mmoja wa makamo mwenye miwani, akatuuliza tunapiga wapi.

"Ndani," nikamjibu. "Gizagiza, na watu wanacheza."

"Basi hiyo ya kuvuta iacheni, haifunguki vya kutosha. Tazameni namba hii hapa. Inavyokuwa ndogo, ndivyo mlango wa mwanga unavyokuwa mpana."

Akatuwekea mbili mezani, ya milimita hamsini na ya thelathini na tano. Zote zilifunguka mpaka namba moja nukta nane. Ya hamsini iliupendezesha uso wako mno, lakini nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga rafu na bado nusu ya kichwa chako ilikuwa imekatwa. Yule baba akacheka. "Kwa kumbi za kwetu utarudi nyuma mpaka utoke mlangoni."

Nikaomba kuijaribu ya thelathini na tano stoo, taa ikiwa imezimwa. Ulikaa juu ya boksi, na mwanga pekee ulikuwa ule uliopenya chini ya mlango. Nikapiga bila flashi. Ukatokea wote, macho, kipini cha pua, hata lile kovu dogo la kwenye nyusi. Uliitazama ile picha kwa muda, kisha ukasema taratibu, "Somo, kwa hii hakuna atakayejua kama tupo." Tukachanga, tukaichukua siku ileile.

Nakiri kazi ulinifundisha wewe. Mie nilijua kubonyeza tu. Wewe ndiye uliyenionyesha kupiga magoti karibu na wapiga ngoma, kuishusha kamera kifuani, kuitikia wimbo kama wenzangu mpaka wanisahau. Kina mama walitupenda kwa hilo. Na kila mama tulimpa ahadi moja, kwamba picha ni za mwenye shughuli na hazitoki.

Ndivyo tulivyofika kwa Bi Mwanahawa wa Buguruni. Nakukumbusha ingawa najua hujamsahau. Mama mtu mzima, anayesomesha wanawake Kurani kila alasiri, mtaa mzima unamwamkia. Alikuwa anamcheza binti yake mkubwa, Salma. Simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye kapu. Kabla ngoma haijaanza alituita sie wawili chumbani, akafunga mlango.

"Nyie nawaamini," alisema. "Leo nitacheza. Sijacheza tangu mama yangu afariki. Isitoke."

Ulimwekea mkono gotini. "Mama, na mie nina mama. Haitatoka."

Wewe ndiye uliyesema. Mie niliitikia kwa kichwa.

Akacheza kweli. Mtandio ulimwanguka akauacha uko hukohuko. Nywele zake zilikuwa na mvi pembeni, kanga imefungwa kiunoni, amemshika Salma mikono yote miwili, anacheka huku machozi yanamtiririka. Nilikuwa sakafuni, nikabonyeza mara moja. Hakuna aliyegeuka. Tulipofika nyumbani nilikuita uione, ukakaa kitandani kwangu na kamera mapajani.

"Maisha yako yote hutapiga picha nzuri kama hii," ulisema. Nikafurahi. Nikakupa kadi ya kamera uhamishie picha kwenye laptop yako kama siku zote.

Wiki tatu baadaye uliniaga unakwenda Tanga kumwona shangazi. Ulibeba begi moja. Siku ya pili yake, alasiri, wakati alipotakiwa awe darasani kwake, Bi Mwanahawa akabisha hodi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa kwenye kiti bila kuvua baibui. Akatoa simu akanishikisha.

Ilikuwa picha ileile. Juu yake kulikuwa na jina la biashara nisiyoijua, chini jina lako na maneno ya kukaribisha wateja. Nikasoma mara mbili. Nilikuwa bado nimeishika simu alipobonyeza ujumbe wa sauti uliomtumia. Kumbe alikutafuta wewe kwanza.

"Mama, nisamehe sana," ulikuwa unasema. "Hiyo nimetumiwa na somo. Aliniambia umeruhusu."

Sauti yako ilikuwa tulivu kabisa. Ni ileile uliyoniliwaza nayo tulipotoka Tandika. Kuiba picha ningeweza kukuelewa, somo, najua tamaa ya kazi ilivyo. Hilo la sauti mpaka leo sijalielewa.

"Mama," nilimwambia, "aliyepiga ni mie. Kuitoa sikuitoa."

Akachukua simu yake. "Nimwamini nani, mwanangu? Nyote Zuhura."

Halafu akanieleza, bila kupandisha sauti. Shemeji zake walikuwa wanarushiana ile picha kwenye kundi la familia. Waume wa wanafunzi wake walikuwa wameiona. Darasa alikuwa ameliacha. "Nikikaa mbele yao," alisema, "naona hawanioni mie. Wanaiona picha."

Alipoondoka nikakupigia, na ile ndiyo mara ya mwisho ulipopokea.

"Usilikuze jambo, somo. Kwani hakupendeza?"

"Alipendeza. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Ukakata simu. Kesho yake picha ukaishusha, lakini ilikuwa imeshaingia kwenye simu zisizo na idadi.

Nilikwenda Buguruni na kamera na kadi zote, nikamwomba Bi Mwanahawa nifute mbele yake. Alikubali, ila alitaka kuziona kwanza. Alizipitia zote, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ile alisogeza kamera karibu na macho.

"Nilikuwa hivi?"

"Ndivyo ulivyokuwa, mama."

Nilidhani ataniambia nimwachie moja. "Futa," akasema. Nikafuta zote mbele yake.

Mie bado niko Keko. Kazi zimepungua, kwa maana habari ilifika Temeke nzima, na katika habari hiyo sie wawili ni mtu mmoja. Wanaoniita bado huniuliza mlangoni, "Wewe ndo yule Zuhura?" Najibu, "Hapana, mie ni mwenzake," halafu naona wanavyotazamana. Lenzi ninayo. Siku nyingine nimepiga magoti gizani, wimbo umekolea, kamera iko kifuani, na nawaona wanaanza kunisahau. Zamani hapo ndipo nilipokuwa nasikia raha. Siku hizi nakohoa kidogo, wajue nipo.

Nina hasira na wewe, sitakudanganya. Na bado asubuhi mama mwenye nyumba akiita jina letu, huwa nangoja kidogo kabla sijaitika.

Mwezi uliopita Bi Mwanahawa alimcheza binti yake wa pili, Rehema. Sikualikwa. Nilikuwa sokoni Buguruni nachagua nyanya, nikasikia ngoma na vigelegele kutoka upande wa kwao. Aliyekuwemo ndani alinisimulia baadaye. Hapakuwa na simu wala kamera, na mapazia yalikuwa yamebanwa kwa vibanio vya nguo. Zamu ya mama wa mwali ilipofika, wanawake walifungua uwanja wakamwita kwa jina. Bi Mwanahawa akatikisa kichwa. Alimpigia bintiye makofi akiwa amekaa mkekani, mtandio ameufunga mpaka chini ya kidevu, mpaka wimbo ukaisha.

Nilitaka hilo ulijue. Mengine nimeshayamaliza. Huko uliko, Mungu akuweke na watu watakaokuamini, na akupe kuwa mwaminifu kwao.

Ni mie,
Somo yako wa Keko